Joto, Stima na Kasha Dogo: Kompyuta Ndogo ya Mezani Ilivyofika Bukura

Kompyuta ya mezani utakayoikuta mara nyingi katika saiba, maduka ya kuchapisha na ofisi ndogo za Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni kasha jembamba lililolazwa chini ya skrini, au boksi la lita moja lililofungwa kwa skrubu nyuma yake. Kwa kawaida ilianza kazi katika benki, hospitali au ofisi ya halmashauri huko Uingereza au kwingineko Ulaya. Ikatumika miaka mitatu au minne, ikauzwa kwa jumla, ikavuka bahari hadi Mombasa, ikasafishwa na kupangwa Nairobi, kisha ikapakiwa kwenye basi pamoja na vifurushi vingine kuelekea magharibi. Kutoka mjini Kakamega hadi Bukura ni safari fupi ya matatu au bodaboda. Wauzaji huiita eks-UK, hata ikiwa imetoka Ujerumani.

Historia ya mashine hii husimuliwa mara nyingi kama mfululizo wa ushindi: ilikuwa kubwa, ikawa ndogo, ikawa bora. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Kila mara kasha lilipopunguzwa, kuna kilichobanwa ndani yake: njia ya hewa, nafasi ya mkono wa fundi, au uwezo wa kuweka kipande chochote cha dukani mahali pa kilichoharibika. Mnunuzi wa kwanza hakuyaona hayo kwa sababu aliiacha mashine kabla haijazeeka. Aliyeyaona ni wa pili. Ikitazamwa kutoka Bukura, basi, hii ni historia ya joto na stima, na ya watu waliojifunza kutengeneza mashine ambayo walioibuni hawakuwafikiria hata kidogo.

Kabla ya 1995: Mashine za chumba kizima

Bukura ni mahali pa mafunzo tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipofungua hapo shule ya kilimo kwa Waafrika wa wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo ya Kaskazini. Shule ikakua, na mwaka 1999 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Chuo cha Kilimo cha Bukura kuwa taasisi ya umma inayojisimamia. Soko lililopo leo limekua kwa kuegemea chuo hicho, maana wanafunzi wanahitaji pa kula, pa kulala, pa kunakili na pa kuchapisha.

Kompyuta ziliingia Kenya katika miaka ya 1960, na zilikuwa za wakubwa tu: reli, Hazina ya serikali, mabenki. Mashine moja ilichukua chumba kizima, ililishwa kadi zilizotobolewa, na chumba chenyewe kililazimika kupozwa mchana kutwa. Hata Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipopata yake ya kampuni ya Uingereza ya ICL, kilikuwa na moja ya kugawana. Kwa mtu wa Butsotso au Marama, sehemu za huku Bukura, kompyuta ilikuwa habari ya Nairobi, na hata huko ilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mnamo Agosti 1981, chumba kilipungua kikawa kasha la chuma linalokaa mezani. Katika miaka hiyo ya 1980, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilikuwa miongoni mwa wizara za kwanza kujaribu mashine za aina hiyo katika kazi ya bajeti na hesabu, kwa msaada wa wafadhili. Watu binafsi walizikosa kwa sababu ya bei na ushuru. Lakini kasha la IBM lilikuwa na jambo moja ambalo mafundi wa leo wangelionea wivu: lilikuwa na nafasi. Waliolibuni walitarajia kwamba mwenye mashine atalifungua, atachomeka kadi mpya, ataondoa mbovu. Mkono mzima uliingia bila shida. Intel ilipotangaza kipimo cha ATX mwaka 1995, madabodi ya milimita 305 kwa 244, desturi hiyo iliendelea: pawasaplai ya kampuni yoyote ingeingia katika kasha la kampuni yoyote. Mashine ilikuwa kubwa, na ilitengenezeka popote.

2001–2006: Madabodi ya sentimita 17

Udogo ulianzia Taiwan. Mnamo Novemba 2001 kampuni ya VIA ilitangaza kipimo ilichokiita Mini-ITX, madabodi ya mraba yenye milimita 170 kila upande. Mwaka huohuo kampuni nyingine ya Taiwan, Shuttle, iliuza kasha dogo la SV24 ambalo mtu angeweza kulijaza mwenyewe kwa vipande alivyochagua. Wapenzi wa ufundi walifurahi mno. Waliipachika madabodi ya VIA ndani ya redio za zamani, masanduku na vitu vya kuchezea, na kwa mara ya kwanza kuunda kompyuta ndogo kukawa kazi ya mikono ya mtu wa kawaida.

Tatizo lilikuwa prosesa. Umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka kuwa joto, na lazima joto hilo litoke. VIA walikwepa tatizo kwa kutumia prosesa dhaifu: Eden ya megahezi 533 haikuhitaji hata feni, lakini ilikuwa polepole kwa kazi nzito. Intel nao walikuwa wakikimbilia upande wa pili. Pentium 4 ya mwaka 2004, iliyojulikana kwa jina la Prescott, ilifika hadi wati 115. Kuiweka prosesa ya namna hiyo katika kasha jembamba ni kuwasha jiko la makaa katika chumba kisicho na dirisha. Intel walijaribu kubuni kipimo kipya kabisa cha madabodi, BTX, ili hewa ipite moja kwa moja juu ya prosesa. Watengenezaji hawakukipokea kwa wingi, na baada ya miaka michache kikaachwa.

Ufumbuzi ulitoka kwenye kompyuta za mapajani. Wahandisi wa Intel waliokuwa Haifa, Israeli, walikuwa wametoa Pentium M mwaka 2003, prosesa iliyotumia takriban wati 25 na bado ikafanya kazi ya maana. Mafunzo ya kazi hiyo ndiyo yaliyozaa Core 2 Duo mnamo Julai 2006, yenye wati 65 mezani. Katikati ya hayo, Januari 2005, Apple walikuwa wameonyesha Mac mini: mraba wa sentimita 16.5, kimo cha sentimita 5, bei dola 499. Naamini hapa ndipo njia ilipogeuka. Hadi 2004 kampuni zilikuwa zikibana mashine kubwa ziingie katika kasha dogo. Baada ya 2006 zilianza kukuza mashine ndogo ya mapajani ili ikae mezani. Mtindo huo wa pili ndio tulionao hadi leo.

Kapasita zilizovimba

Ofisi za Ulaya na Marekani, hata hivyo, hazikungoja. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa tayari zimenunua makasha membamba yenye Pentium 4 kwa mamilioni, na humo ndimo balaa lilimoingia.

Kandokando ya prosesa husimama kapasita, vikopo vidogo vya alumini vyenye kimiminika ndani, kazi yake kusawazisha umeme. Kati ya 1999 na 2007 hivi, viwanda kadhaa vilitengeneza kapasita zenye kimiminika kisichokamilika. Baada ya muda kilizalisha gesi, kikopo kikavimba, sehemu yake ya juu iliyochorwa alama ya kupasukia ikafunguka, na uchafu wa rangi ya kahawia ukamwagika kwenye madabodi. Joto liliharakisha yote hayo, na katika kasha jembamba ndimo joto lilimokuwa kali zaidi. Kampuni nyingi ziliathirika. Iliyojulikana zaidi ni Dell, hasa kwa aina za OptiPlex GX270 na GX280: mwaka 2005 ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya gharama za kuzishughulikia. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye katika kesi mahakamani Marekani zilionyesha kwamba kampuni ilikuwa imeuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari hiyo kati ya Mei 2003 na Julai 2005.

Mashine za miaka hiyo ndizo zilizofikia umri wa kuuzwa mitumba wakati Kenya ilipokuwa na kiu. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilikuwa limeanza kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka mashuleni. Kando yake wafanyabiashara wa kawaida walikuwa wakileta makontena yao. Mjini Kakamega, chuo ambacho wananchi walikichangia kwa harambee tangu 1972 na ambacho wengi bado wanakiita Weko kilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2002, kisha mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Wanafunzi waliongezeka, mahitaji yakaongezeka, na mashine iliyokuwa rahisi kupatikana ilikuwa ya mtumba.

Dalili zake zilijulikana haraka: inawaka ikiwa baridi, inajizima baada ya muda, inagoma kuwaka tena hadi ipoe. Waliozitibu kwanza walikuwa mafundi wa redio. Wao walikuwa na chuma cha kuchomelea risasi, walijua kapasita, na walijua sheria tatu zisizovunjwa: uwezo ule ule wa kapasita mbovu, volti zisizopungua zake, na upande wa hasi usigeuzwe. Waangalifu walitafuta pia zile zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, kwa sababu zinastahimili joto. Ufundi uliokuwa wa redio ya mbao ukahamia kwenye kompyuta bila mtu kuutangaza. Nalisema hili kwa heshima: elimu hiyo haikutoka kwa waliouza mashine.

2009–2016: Kazi ya serikali yahamia sokoni

Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na polepole. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, EASSy ikafuata 2010, na nyaya za serikali za nchi kavu zikafikisha mawasiliano hayo katika makao ya wilaya. Bei ikashuka, na mara serikali ikaanza kuhamisha kazi zake. Kulipa kodi kukaingia katika mfumo wa iTax, vyeti na leseni vikaingia eCitizen kuanzia 2014, maombi ya mkopo wa HELB na uchaguzi wa kozi za vyuo kupitia KUCCPS vikafanyika mtandaoni.

Aliyebuni mifumo hiyo alidhani kila raia ana kompyuta. Raia wengi hawakuwa nayo, kwa hiyo saiba ikawa dirisha la serikali katika kila soko, Bukura ikiwemo. Mwalimu mwenye fomu ya kodi na tarehe 30 Juni inakaribia, mzazi wa mtoto aliyemaliza kidato cha nne, kijana anayetafuta cheti cha tabia njema: wote walikwenda hapo. Mwenye saiba akahitaji mashine tano au kumi, na hapo hesabu ya stima ikamkabili.

Mnara (kasha kubwa la kusimama) wa Pentium 4 pamoja na skrini ya zamani yenye mgongo mkubwa ulitumia kama wati 200 ukiwa kazini. Mashine kumi ni kilowati mbili, nazo zinawaka tangu asubuhi hadi usiku. Kasha dogo la kizazi kipya pamoja na skrini bapa hukaa karibu na wati 40 au 50, yaani mashine kumi kwa robo ya umeme ule. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama saiba ingepata faida au ingefungwa. Iliamua pia mambo wakati stima inapopotea, kwa kuwa betri ya akiba ambayo ingeshikilia mnara kwa dakika chache ilitosha kwa kasha dogo kumaliza ukurasa, kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Na stima ilipotea kweli. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Hilo liliandikwa magazetini duniani kote. Hakuna gazeti linaloandika ile hasara ndogo ya kila msimu: Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye radi nyingi, mvua ya alasiri huja na ngurumo, na kila dhoruba huacha adapta na pawasaplai kadhaa zikiwa zimekufa.

Mwaka 2013 serikali iliyoingia madarakani iliahidi kompyuta ya mapajani kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mpango ulibadilika, na kuanzia 2016 shule zikapokea tabuleti. Kilichodumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi iliyoutangulia: shule za msingi za umma ziliunganishwa na stima kwa maelfu. Penye stima ya shule, kijiji kinachozunguka nacho kilianza kuipata.

2012 na kuendelea: Kasha la lita moja

Mwaka 2012 Lenovo walitoa ThinkCentre M92p Tiny, kompyuta kamili ya ofisi yenye ujazo wa karibu lita moja, upana wa sentimita 18 na unene wa sentimita tatu na nusu. HP na Dell wakafuata kwa mashine zao ndogo kufikia 2014. Intel nao walikuwa wameanza kuuza NUC, yenye madabodi ya mraba wa sentimita kumi hivi.

Ndani ya makasha haya mna prosesa ya wati 35, ramu fupi za aina ya mapajani, diski moja, na feni moja inayosukuma hewa kupitia mapezi membamba ya shaba au alumini. Pawasaplai imetolewa nje kabisa ikawa adapta ya volti 19 au 20. Uamuzi huo ulipunguza joto ndani ya kasha, na kwa fundi wa Bukura ulileta neema ambayo waliouamua hawakuikusudia: radi ikipiga, mara nyingi adapta hufa na madabodi hupona. Adapta hubadilishwa kwa dakika moja. Katika makasha membamba ya kizazi cha kati, yenye pawasaplai ya ndani iliyokatwa kwa umbo la kampuni moja tu na plagi zisizofanana na za wengine, kifo cha pawasaplai kilimaanisha kungoja nyingine ya aina ileile itoke Nairobi, labda mtaa wa Luthuli, labda isipatikane.

Lakini neema hiyo ina mtego. Adapta za kampuni kadhaa zina pini nyembamba ya katikati inayoiambia mashine uwezo wa adapta. Ukichomeka adapta ya volti sahihi lakini mashine isiitambue, huwaka vizuri kabisa, kisha prosesa hujishusha kasi hadi kiwango cha chini. Mteja atalalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, fundi asiyejua atafuta programu zote na kuziweka upya, na mashine itabaki ilivyokuwa. Kosa liko kwenye waya ulio sakafuni.

Kuunda, na kutafuta kosa

Wengi wa Bukura hununua kasha lililokwisha kuundwa. Wachache huunda, na idadi yao iliongezeka baada ya Februari 2018, AMD walipotoa Ryzen zenye picha nzuri ndani ya prosesa yenyewe, hivyo kadi kubwa ya picha ikawa si lazima. Mwaka 2019 ASRock waliuza DeskMini A300, kasha la chini ya lita mbili linalopokea prosesa hizo na kutumia adapta ya volti 19. Mwanafunzi anayehariri video, au kijana anayefanya kazi za mtandaoni, angeweza kujiundia mashine yenye nguvu inayobebeka katika mkoba.

Kuunda kasha dogo kuna nidhamu yake. Kimo cha kipozajoto hupimwa kabla ya kununua, kwa sababu A300 inakubali milimita 46 tu na kipozajoto cha kawaida hupita hapo mbali. Mashine huwashwa kwanza nje ya kasha, madabodi ikiwa juu ya kadibodi kavu, ikiwa na prosesa na kipozajoto chake, ramu moja na diski peke yake. Sababu ni kwamba diski ya kisasa hukaa mara nyingi chini ya madabodi, na ukigundua baada ya kufunga kila kitu kwamba haikukaa sawasawa, utafungua kazi yote tangu mwanzo. Nyaya hupangwa zisizibe mdomo wa feni. Prosesa mpya kuliko bayosi ya madabodi huleta skrini nyeusi isiyo na maelezo, na dawa yake ni kuazima prosesa ya zamani, kuhuisha bayosi, kisha kurudisha mpya. Wenye kadi ya picha iliyolazwa kwa waya mpana wa kuunganishia hukutana na weusi huohuo pale kadi ni ya kizazi cha nne cha PCIe na waya ni wa kizazi cha tatu. Ukiingia kwenye bayosi kwa njia ya picha ya prosesa na kulazimisha kizazi cha tatu, skrini huamka.

Kutafuta kosa katika mashine iliyokufa kumeleta utaratibu ambao mafundi wa eneo hili wangeutetea mbele ya yeyote, nao huanza na stima. Adapta hupimwa kwa mita ikiwa imechomekwa, kisha hujaribiwa ikiwa na mzigo, maana adapta iliyopigwa na radi inaweza kuonyesha volti 19 mikononi na kuanguka mara inapoombwa kazi. Ikiwa nzima, ramu zote hutolewa, meno yake husafishwa kwa kifutio cha penseli, na moja hurudishwa. Mashine ikilia bila ramu, madabodi iko hai, na hiyo ni habari njema kubwa. Ikinyamaza kabisa, betri ya sarafu hutolewa kwa dakika kadhaa ili mipangilio ya bayosi ifutike.

Betri hiyo ya CR2032 inastahili maneno yake yenyewe. Mashine ya eks-UK hufika ikiwa na umri wa miaka mitano au zaidi, na betri yake imekwisha. Kila stima ikipotea, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Mwenye saiba anaona kitu kingine: eCitizen haifunguki, benki haifunguki, kivinjari kinaonya kwamba tovuti si salama. Vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe, na kwa mashine inayodhani bado ni mwaka 2013, cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Watu wamelaumu mtandao, wamelaumu virusi, wamelipia programu zisizohitajika. Betri yenyewe huuzwa kwa bei ya chai na mandazi.

Baada ya stima huja joto. Vumbi jekundu la murramu hujaa kwenye mapezi ya kipozajoto na kuchanganyika na unyevu wa mvua likawa tabaka ambalo kupuliza hakuliondoi, lazima feni ifunguliwe. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipozajoto, iliyopakwa kiwandani miaka mingi iliyopita, imekauka na kuwa unga. Kuisafisha kwa spiriti na kupaka mpya kiasi cha punje ya kunde kumerudisha uhai mashine nyingi zilizohukumiwa kuwa zimekufa. Dalili ya joto ni ya kipekee: mashine hufanya kazi vizuri asubuhi, huwa nzito mchana, na hujizima kazi inapozidi. Diski hutazamwa mwisho, ingawa wateja huitaja kwanza. Diski ya kuzunguka iliyokatiwa stima mara kwa mara huanza kupoteza sehemu zake, na kuibadilisha kwa isiyozunguka ndiyo huduma moja inayoigeuza mashine ya 2014 kuwa ya kutumainiwa.

2021–2025: Mlango unaofungwa na unaofunguka

Microsoft walipotoa Windows 11 mnamo Oktoba 2021, waliweka masharti mawili yaliyogusa kila kasha dogo la mtumba: chipu ya usalama TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane au baadaye. Mnamo Oktoba 14, 2025, msaada wa bure wa kawaida kwa Windows 10 ukaisha. Kwa ofisi za Ulaya maana yake ilikuwa kuondoa mashine nzima za kizazi cha sita na cha saba, na kwa masoko ya Afrika Mashariki maana yake ni kuzipokea. Mafundi wengine wanaweka Linux, ambayo inatosha kwa saiba kwa kuwa kazi karibu yote hufanyika ndani ya kivinjari. Wengine wanalazimisha Windows 11 iingie kwa njia zisizoungwa mkono.

Zile zisizopona zinaenda wapi? Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwajibisha mwenye kuleta bidhaa hadi mwisho wa maisha yake, na Nairobi kuna kituo cha kuchakata taka za elektroniki, WEEE Centre, kilichotokana na kazi ya Computers for Schools Kenya. Kutoka Bukura ni mbali kwa mtu mwenye madabodi kumi. Kakamega ni nchi ya dhahabu tangu 1931, wazungu walipokimbilia mito yake na mgodi wa Rosterman ukachimbwa nje kidogo ya mji, na hadi leo wachimbaji wadogo wa Ikolomani hutumia zebaki. Dhahabu ipo kwenye meno ya ramu na soketi za prosesa, tabaka jembamba mno, na kuitoa kwa moto na asidi nyuma ya nyumba kunamwachia mtu sumu nyingi kuliko mali. Eneo lililokwisha kuonja gharama ya zebaki lina sababu ya kulikataa hilo mapema, na ingefaa kaunti iwe na mahali pa kuzikusanya.

Mwaka 2023 Intel waliacha kutengeneza NUC na kuikabidhi kazi hiyo kampuni ya ASUS. Mwaka huohuo prosesa yao ndogo, N100 ya wati 6, iliingia katika makasha mapya kutoka China yanayotoshea kiganjani na kuuzwa kwa bei inayokaribia ya mtumba. Kwa stima na joto, ni jibu zuri kuliko yote yaliyotangulia. Ila katika mengi ya makasha hayo ramu imechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, na ikiharibika hakuna cha kuchomoa wala cha kusafisha kwa kifutio. Madabodi yote hutupwa. Mafundi wanaowashauri wateja kabla hawajanunua wanauliza sasa jambo moja mbele ya kasi na bei: ukifungua kasha, ramu inatoka?